Njia ya zege kwenye udongo wa mfinyanzi: shughulikia maji kwanza, saruji baadaye

Mvua zikishaanza kukatika hapa Kigoma, swali linalonifuata kila ninapopita Katubuka ni hili: "Bwana shamba, nikimwaga zege kwenye njia ya kuingilia kwangu nifanyeje lisipasuke?"

Kuna wanaoshangaa bwana shamba anahusikaje na zege. Jamani, anahusika sana. Chakula cha kuku kinaingia kwa njia hiyo hiyo. Madumu ya mawese, magunia ya mahindi na trei za mayai yanatoka kwa njia hiyo hiyo. Gari likishindwa kufika ghalani, gharama ya kubeba mzigo inaingia kwenye bei yako. Halafu tatizo lenyewe ni la udongo, na udongo ndiyo kazi yangu.

Nitumie mfano mmoja wa kweli. Mama mmoja mfugaji wa kuku wa mayai, hapo hapo Katubuka, ana njia ya mita 12 kutoka barabarani hadi stoo. Kila masika Canter ya chakula inaishia barabarani, na mifuko inavushwa kwa toroli kwenye tope. Msimu mmoja mvua ilimkuta katikati ya kazi na mifuko kadhaa ikalowa na kuvunda. Akajichanga, akapata fedha ya saruji mifuko kama 22. Fundi akampigia hesabu ya zege la upana wa mita 2.5 na unene wa sentimita 8, likalie moja kwa moja juu ya udongo. Mifuko 18 tu, chenji inabaki. Akaniuliza: "Nimkubalie?" Nikamwambia hapana. Hapa chini naeleza kwa nini, na tulifanya nini na fedha ile ile.

Kwa nini mfinyanzi unapasua zege

Udongo wa mfinyanzi unafanya kama sifongo. Ukinyonya maji unavimba, ukikauka unasinyaa. Kigoma tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba mpaka Aprili au Mei, halafu kiangazi kikavu. Kwa hiyo kila mwaka udongo unapanda na kushuka mara moja kwa nguvu.

Sasa weka zege juu yake. Katikati, chini ya zege, udongo umefunikwa, unyevu wake haubadiliki haraka. Pembeni hakuna kifuniko. Mvua ikinyesha pembeni panavimba kwanza, zege linainuliwa kingo. Kiangazi pembeni panasinyaa kwanza, kingo zinabaki zinaning'inia. Canter yenye mzigo ikikanyaga kingo inayoning'inia, kwisha habari.

Angalia nyufa za zege bovu mtaani kwako. Nyingi zinakwenda kwa urefu, karibu na kingo au katikati. Watu wanasema saruji ilikuwa mbovu. Mara nyingi saruji haina kosa, chini ndiko kulikoachwa bila kushughulikiwa.

Ila mfinyanzi si wa aina moja. Ule mwekundu wa kwenye miinuko huwa mtulivu kiasi. Shida yake ni utelezi. Ule mweusi au wa kijivu wa mabondeni, unaopasuka nyufa za kuingiza vidole wakati wa kiangazi, ndiyo wa kuogopa. Katubuka inayo sehemu ya juu na sehemu ya bondeni ambako maji hutuama, kwa hiyo usimuige jirani wa mtaa wa pili. Pima wa kwako.

Pima udongo kwa mikono yako

Chimba shimo la sentimita 40 pale njia itakapopita. Toa udongo wa chini, si wa juu wenye mboji.

1. Utepe. Lowanisha udongo kidogo, ukande kama unga wa chapati, ubinye kati ya kidole gumba na cha shahada utoke utepe. Utepe ukikatika chini ya sentimita 2, kuna mchanga mwingi. Ukifika sentimita 5 au zaidi bila kukatika, huo ni mfinyanzi mzito.

2. Kusinyaa. Tengeneza kiboksi cha mbao chenye urefu wa sentimita 10 ndani, kipake mafuta. Jaza udongo uliokandwa mpaka uwe kama uji mzito, uache kivulini siku mbili, kisha juani mpaka ukauke kabisa. Pima. Ukipungua nusu sentimita au chini ya hapo, udongo wako ni mtulivu. Ukipungua sentimita moja au zaidi, unavimba na kusinyaa sana, na msingi wa moramu lazima uwe mnene.

Wa yule mama ulipungua karibu sentimita moja. Zege la sentimita 8 juu ya udongo kama huo lisingemaliza masika mawili.

Maji kwanza

Ukishajua kwamba adui ni unyevu unaobadilika-badilika, kazi ya kwanza inaeleweka: maji yasituame karibu na njia.

- Njia iinuke. Uso wa zege uwe juu ya ua angalau sentimita 5 hadi 10. Njia iliyo chini ya ua inageuka mfereji.
- Mteremko wa pembeni. Zege la upana mzima liinamie upande mmoja kwa sentimita 2 kila mita 1.
- Mtaro. Chimba upande maji yanakotokea, uwe na mteremko wa angalau sentimita 1 kila mita 1. Usiuchimbe ukagusa kingo ya zege, acha nafasi ya mita moja. Na usimalizie kwa jirani. Katubuka watu wameteseka na maji ya kutosha, usimwongezee mwenzako.
- Maji ya bati. Weka gata, yapeleke kwenye tanki au mbali na njia. Maji yanayodondoka kando ya zege kila mvua yanafanya kazi ile ile ya kuvimbisha kingo.
- Miti. Mwembe, mkaratusi au mchikichi mkubwa karibu na zege unanyonya maji kiangazi na kuusinyaza udongo upande mmoja. Acha umbali usiopungua urefu wa mti wenyewe kama nafasi ipo. Bustani ya mchicha inayomwagiliwa kila jioni nayo ikae mita moja na nusu kutoka kwenye kingo.

Maji hayo usiyaone ni taka. Mvua ya milimita 20 kwenye zege la mita za mraba 30 ni lita 600. Yaelekeze kwenye migomba iliyo bondeni mwa ua.

Msingi wa moramu

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, sentimita 10 hadi 15, uupeleke bustanini, ni mali. Kisha endelea kuchimba ili upate nafasi ya moramu. Udongo mtulivu unahitaji sentimita 15. Mfinyanzi mzito unahitaji sentimita 20 hadi 30. Moramu ipite kingo za zege kwa sentimita 20 kila upande, maana kingo ndiyo sehemu dhaifu.

Usimwage moramu yote kwa mara moja. Weka tabaka la sentimita 10, nyunyiza maji, shindilia, ndipo ufuate jingine. Unyevu unaofaa unaupima kwa ngumi: bana moramu mkononi, ukifungua ibaki bonge bila kuacha tope kiganjani. Ikimomonyoka ni kavu, ikichuruzika imezidi. Ukipata mashine ya kukodi ya kushindilia, vizuri. Ukikosa, tumia kishindilio cha mkono, kwa tabaka jembamba zaidi na uvumilivu. Ukikanyaga kwa kisigino kusibaki alama.

Mchanga mtupu usiuweke kama msingi juu ya mfinyanzi. Maji yanaingia kirahisi, yanakaa chini ya zege kama kwenye beseni, na mfinyanzi unayanywa taratibu.

Upana mzima au mikanda miwili?

Hapa ndo tulipookoa fedha ya yule mama. Badala ya zege pana jembamba, tukapanga mikanda miwili ya matairi: kila mmoja upana wa sentimita 80, unene wa sentimita 15, katikati nafasi ya sentimita 70.

Hesabu yake ni rahisi: mita 12 × 0.8 × mikanda 2 × unene 0.15 = mita za ujazo 2.88. Kwa mchanganyiko ninaoueleza hapo chini, mita moja ya ujazo inakula mifuko saba na nusu. Jumla mifuko 22. Upana mzima wa mita 2.5 kwa unene huo huo ungekuwa mita za ujazo 4.5, karibu mifuko 34. Hakuwa nayo.

Mikanda si ujanja wa maskini. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilijengwa kwa majaribio kwenye barabara za vijijini hapa hapa Tanzania, kama ya Bago hadi Talawanda wilayani Bagamoyo na ya Lawate hadi Kibongoto wilayani Siha, kwenye vipande ambavyo magari yalikuwa yakikwama au kuteleza. Gari linahitaji mahali pa matairi tu. Pia mkanda mwembamba kwa upana hauinuliwi na kupinda kama bamba pana.

Angalizo moja: bajaji ina gurudumu la mbele katikati, na linapita kwenye ile nafasi. Kwa hiyo katikati usiache shimo wala majani. Jaza moramu yenye kokoto, shindilia mpaka ilingane na zege, na uiongeze kila baada ya masika.

Unene je? Kwa bodaboda, bajaji na gari dogo, sentimita 10 zinatosha. Pikapu yenye mzigo, sentimita 12 hadi 13. Canter, sentimita 15. Kama gari zito litakuja hata mara moja kwa mwezi, jenga kwa ajili ya hilo gari zito.

Mchanganyiko

Uwiano ninaoupendekeza ni 1:2:3. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35. Kwa ndoo ya lita 20:

- Saruji mfuko 1
- Mchanga ndoo 3 na nusu
- Kokoto ndoo 5 na robo
- Maji lita 25, yaani ndoo moja na robo, yakizidi sana lita 27

Kwa kazi ya yule mama tulihitaji mchanga mita za ujazo 1.7 na kokoto 2.5, pamoja na wa kupotea.

Maji ndiyo ugomvi mkubwa na mafundi. Zege la majimaji linasambaa lenyewe, halichoshi. Lakini maji ya ziada yanapokauka yanaacha vitundu, na zege linapungua nguvu na kusinyaa zaidi. Kama mchanga umelowa, punguza maji, usiongeze. Zege zuri likirundikwa linakaa kama kilima chenye mabega, halitambai.

Saruji isome mfukoni. Ya 42.5 ni nzuri kwa njia ya gari, ya 32.5 ni zaidi ya lipu na kujengea matofali. Ukibonyeza mfuko ukakuta mabonge magumu yasiyovunjika kwa vidole, rudisha dukani.

Mchanga uwe wa chenga kubwa na ndogo. Ubane mkononi, ukiacha vumbi jingi la matope, uoshwe au utafute mwingine. Wengine wananiuliza kuhusu mchanga wa ziwani. Ziwa Tanganyika halina chumvi ya kula nondo kama bahari, lakini mchanga wa ufukweni mara nyingi ni laini mno na una magamba ya konokono. Tena kuchimba ufukweni bila kibali ni kosa, na kunabomoa fukwe ambazo ziwa lenyewe limezila tangu lilipopanda miaka ya 2020.

Nondo hazizuii ufa, zinaushika usifunguke. Kwenye mfinyanzi mzito weka nondo za milimita 8 kila sentimita 20, au wavu wa BRC, sentimita 5 kutoka juu. Zikalie biskuti za zege. Nondo iliyolala kwenye moramu haifanyi kazi yoyote, hapo umezika fedha.

Siku ya kumwaga

Chagua msimu. Mwezi wa bora hapa kwetu ni mwishoni mwa Mei mpaka Juni. Udongo una unyevu wa wastani, haujavimba wala kusinyaa kupita kiasi, na hakuna mvua ya kushtukiza. Ukimwaga Septemba udongo umesinyaa kabisa, masika yakija utavimba chini ya zege. Ukilazimika, lowanisha eneo zima taratibu kwa wiki nzima kabla ya kushindilia.

Chagua saa. Anza saa kumi na mbili asubuhi, saa nne uwe unamalizia. Au anza saa kumi jioni kama una taa. Mchana wa jua na upepo wa ziwani uso wa zege unakauka kabla ya ndani, na nyufa ndogo zinatokea siku hiyo hiyo.

1. Weka mbao za boksi, pima kwa kamba na pima maji.
2. Nyunyizia moramu maji ilowe bila kuacha madimbwi, au tandika nailoni. Moramu kavu inanyonya maji ya zege.
3. Funika kokoto na turubai tangu jana yake. Maji yakae kivulini.
4. Changanya kiasi utakachomaliza ndani ya dakika 45. Zege likianza kushika usiliongezee maji kulifufua.
5. Lijaze mpaka kingo, lichome kwa fimbo ya chuma hewa itoke, lisawazishe kwa mbao.
6. Subiri maji yaliyopanda juu yapotee ndipo upige mwiko. Usinyunyize saruji kavu kuyakausha, uso utabanduka kama ganda la mkate.
7. Burutia ufagio mgumu kukata njia ili matairi yapate kushika. Zege la kung'aa linateleza mvuani.

Mikato na nafasi ya kupumulia

Zege lazima lisinyae. Mita 10 za zege zinaweza kupungua karibu milimita 5 zikikauka, na jua la mchana na baridi ya usiku vinaendelea kulivuta na kulisukuma. Kwa hiyo litapasuka, swali ni wapi. Wewe ndiye uchague.

Kabla halijakauka, kandamiza ubapa wa chuma chembamba ukate mfereji wa sentimita 4 hadi 5 kwa zege la sentimita 15, yaani karibu theluthi ya unene. Kwenye mikanda kata kila mita 1.5. Kwenye zege pana kata kila mita 2.5, vipande vikaribie mraba. Penye mkato, kata nondo moja ruka moja. Ufa ukija utajificha ndani ya mkato. Baadaye jaza lami ili maji yasipenye.

Zege lisigusane na ukuta, nguzo ya geti wala chemba ya choo. Weka kipande cha ubao laini au sponji cha sentimita 1 hadi 1.5. Ukuta una mwendo wake, njia ina wake.

Kulinywesha

Jioni ile ile funika kwa viroba au nailoni. Kuanzia kesho yake mwagilia na lifunikwe siku 7 bila kukauka hata siku moja. Siku 14 ni bora zaidi. Ufunike, usiwe unamwagia saa sita mchana likiwa linaungua kisha linakauka tena.

Watu wapite baada ya siku 2. Pikipiki na bajaji baada ya siku 7. Canter isubiri siku 28. Najua chakula cha kuku hakisubiri, kwa hiyo agiza cha mwezi mzima kabla ya kumwaga. Na usiiache njia hiyo iwe uwanja wa kuanikia mahindi, panapita oili na tope la matairi.

Fedha haitoshi?

Usipunguze unene, punguza urefu. Au gawa kazi kwa misimu miwili. Mwaka wa kwanza chimba mtaro, inua njia kwa moramu iliyoshindiliwa. Hiyo peke yake itapitisha gari siku nyingi za masika. Msingi utakaa vizuri, na sehemu zitakazodidimia utaziona mapema. Mwaka wa pili mwaga mikanda, ukianza na pale panapozama zaidi. Zege jembamba la haraka utalilipia mara mbili: kulijenga, kisha kulivunja.

Yule mama alimwaga mikanda yake mwezi Juni. Masika yaliyofuata Canter iliingia mpaka mlango wa stoo. Nyufa zilitokea, ndiyo, zote ndani ya mikato. Moramu ya katikati ilididimia kidogo ikaongezwa toroli nne. Na chakula cha kuku hakikulowa.

Wewe pima kwanza udongo wako kwa kile kiboksi cha sentimita 10. Niletee jibu, nitakusaidia kupanga unene wa moramu kabla hujanunua hata mfuko mmoja. Kazi njema.